Mama Kilo na Ukurasa wa Hospitali

Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye chumba cha simu cha hospitali, akiwaunganisha waliopiga na wodi walizozitaka. Sauti yake ilijulikana kuliko sura yake. Siku mitambo ya simu ilipong'olewa, wenzake wawili walichukua kiinua mgongo wakaenda zao. Yeye aligoma. Akiwa na miaka arobaini na sita akajiandikisha masomo ya kompyuta, akakaa dawati moja na watoto wa rika la kifungua mimba wake, na alipohitimu akarudi kutunza tovuti ya hospitali ileile. Kazi yenyewe, walimwambia, ni ya kukaa tu: tangazo likija, bandika.

Akawa anabandika. Mpaka mdogo wake wa kike, anayeishi mbali, mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha, alipofunga safari kumleta mama mkwe wake kwa daktari wa macho na kukuta daktari amebadilishiwa siku.

"Si tumeandika kwenye tovuti wiki nzima?" alimuuliza.

"Dada, huo ukurasa wenu niliufungua asubuhi. Nikapika, nikafua, nikarudi, bado unazunguka tu, mpaka bando likakata. Ningesoma nini, hicho kiduara?"

Kesho yake akaupima ukurasa. Megabaiti sita! Kwa ratiba ya kliniki yenye mistari ishirini! Nembo peke yake, ambayo kwenye simu haizidi ukucha wa kidole gumba, ilikuwa nzito kuliko maneno yote ya tovuti.

Akaingia kazini. Alibana picha, akafuta madoido yaliyokuwa yakichezacheza bila sababu, akaondoa aina nne za herufi akabakiza moja. Ilimchukua wiki saba. Ukurasa uliposhuka hadi kilobaiti mia tatu na themanini, akaweka mpaka: mia tano hauvukwi, aje nani. Akatengeneza na programu ndogo ya kupima kurasa zote kila saa, imtumie ujumbe ukurasa ukinenepa. Wenzake wakambandika jina la Mama Kilo. Alicheka nao, na kazi ikaendelea.

Jumatatu moja alikuta kazini ujumbe uliomsubiri tangu mwisho wa wiki: ukurasa wa mbele, megabaiti kumi na moja. Hakuhitaji kupiga ramli. Ijumaa jioni ofisa habari, bwana mtanashati asiyetoka bila kamera, alikuwa ameweka video ya wodi mpya ya wazazi, ianze kucheza yenyewe kila mtu anapofungua.

"Mama Kilo, mbona kwangu inafunguka chap?" alishangaa.

"Wewe umekaa hatua nne kutoka kwenye mtambo wa mtandao, baba. Hapo hata jengo zima lingefunguka."

"Basi mweleze mganga mkuu. Ndiye aliyeipitisha."

Mlango wa mganga mkuu alikuwa hajawahi kuubisha kwa shauri lake mwenyewe. Aliubisha, akaingia, akaweka karatasi moja mezani.

"Daktari, kabla ya Ijumaa, kila watu mia waliofungua ukurasa wetu, tisini na mmoja walisubiri wakausoma. Tangu Ijumaa ni thelathini na wanne."

"Na hao wengine wamekwenda wapi?"

"Hawajaenda popote. Wamekuja mpaka mlangoni, sisi tukawafungia."

Mganga mkuu alivaa miwani. Akaisoma karatasi tena, polepole. "Kwa hiyo unataka niiondoe video?"

"Hapana. Mwenzangu kafanya kazi nzuri. Nipe siku moja, mimi na yeye."

Walikaa bega kwa bega tangu asubuhi hadi saa za kutoka. Video ikawa picha moja tulivu, ambayo inaanza kucheza kwa anayeigusa tu. Picha nyingine zikabanwa moja baada ya nyingine, na kila mara ofisa habari alisogeza pua kwenye kioo kutafuta kilichoharibika. Hakukiona. Kilobaiti mia nne na kumi na mbili.

"Kumbe nilikuwa nawabebesha watu mawe bure," alisema, akijikuna kisogo.

Miezi miwili baadaye mvua ilisomba daraja. Kliniki ya wajawazito na ya chanjo ilibidi zihamie kwenye shule ng'ambo ya mto, na minara miwili ya simu ilikuwa imekufa, mtandao wa kuchungulia tu. Mama Kilo akabandika tangazo: shule ipi, na nani aende darasa lipi. Siku ile watu elfu arobaini waliufungua ukurasa wa hospitali, badala ya elfu mbili wa kawaida. Alikaa mbele ya kompyuta yake akitazama vipimo. Ukurasa ukafunguka. Ukaendelea kufunguka, sekunde tatu, nne, siku nzima.

Saa nane mchana mkunga mkuu alipiga kutoka shuleni, nyuma yake watoto wakilia kwa zamu.

"Wanakuja, mwenzangu! Na kila mmoja anajua darasa lake! Nimemuuliza mmoja nani kamwelekeza, kanionyesha simu yake!"

Alikata simu, akasimama dirishani kidogo, akajifuta macho. Hakuwahi kuijibu simu tamu kama ile, na simu alijibu nyingi.

Mganga mkuu alisimulia habari hiyo mbele ya wafanyakazi wote, na mpaka wa mia tano ukaandikwa kwenye kanuni za hospitali. Aliyeanza kupiga makofi ni ofisa habari.

Mwezi huu hospitali tatu zimeleta watu wajifunze kwake. Mkubwa wao, mwenye tai, aliuliza kama kuna kitabu cha kuanzia.

"Kipo," alijibu. "Nendeni mkakae kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje, saa nzima, muangalie simu walizoshika. Halafu mje tuzungumze."

Walitoka mmoja mmoja, mwenye tai akiwa wa kwanza, na Mama Kilo akabaki akiwapangia viti vya kukalia watakaporudi.