Ikoni ya Shaba na Mkoba wa Doina

Ulita Yefimovna alikuwa na miaka sitini na mmoja kiangazi kile alipowapokea wageni, na tangu azaliwe hakuwahi kulala nje ya kijiji cha Koldina zaidi ya wiki mbili. Alipika katika jiko la shule kwa miaka ishirini na sita, mpaka shule ikafungwa kwa kukosa watoto. Mumewe alikuwa amekufa. Mwanawe wa pekee alikuwa Ufini akijenga nyumba za watu, na nyumbani alionekana Krismasi tu. Ulita akabaki na matuta yake ya vitunguu kando ya Ziwa Peipsi, kama wanawake wengine wa hapo, Warusi wa Imani ya Kale ambao mababu zao walikimbilia Estonia zamani sana kwa ajili ya sala zao, na hawakuhama tena.

Wazo la vijana lilikuwa lake. Mwalimu mmoja wa mjini, Leelo, alisema anaweza kuleta vijana wanane kutoka Ureno na Denmark wakae wiki tatu. Wangetengeneza uzio wa makaburi, wakasafisha nyumba ya sala na ikoni zake, zile picha takatifu za kuombea, wakasaidia mashambani bila malipo, nao wangejifunza kuimba na kuoka kama watu wa pale. Kwenye mkutano wa kijiji Mzee Savvaty Lukich, kiongozi wa sala, alikataa katakata.

"Unawaleta watu usiowajua mpaka mbele ya ikoni zetu, Ulita."

"Kijiji kizima kimebaki na watoto kumi na mmoja, Mzee. Ikoni hizo kesho zitamtazama nani?"

"Na kitu kikipotea?"

"Mnishike mimi."

Neno hilo ndilo lililomponza.

Nyumbani kwake alipangiwa msichana wa miaka kumi na sita, Doina, kutoka Braga. Mama yake alikuwa mtu wa Moldova aliyekwenda Ureno kusafisha vyumba vya hoteli, kwa hiyo Doina alijua Kirusi, cha kukwaruza lakini cha kutosha. Asubuhi ya kwanza alinyoosha mkono achukue kikombe cha Ulita mezani, na Ulita akamdaka kiganja kabla hajakigusa.

"Kwetu mtu wa nje ana kikombe chake," Ulita alieleza, uso umemwiva. "Si kwamba una ugonjwa."

"Mama aliniambia. Changu ni kile chenye ua?"

"Ndicho."

"Basi nimebahatika. Chako kina ufa."

Ulita alicheka kwa mara ya kwanza tangu theluji iyeyuke. Kuanzia hapo wawili wale walielewana. Walivuta vitunguu pamoja, wakavisuka mafungu, na Doina akawa anamtania kwamba hata chai yake inanuka shamba. Majirani walikuwa wakisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ila huyu alikuwa amelidai siku ya kwanza.

Jumamosi ya wiki ya pili, saa saba mchana, Mzee Savvaty aliingia uani bila kubisha.

"Ikoni ya shaba haipo," alisema. "Ile ya kukunja, ya marehemu babu yangu. Alhamisi vijana wako walikuwa wakisugua shaba. Nani aliyesugua meza ya kushoto?"

Ulita alijua, na Savvaty alijua kwamba anajua. Alikuwa Doina.

"Mmoldova," mzee akasema. "Nilisema mimi."

"Mreno, Mzee. Na hata angekuwa wa mwezini, hujamwona akichukua."

"Sala ya jioni ni saa kumi na moja. Ikiwa meza bado tupu, nampigia simu polisi. Na wewe ulisema tukushike."

Leelo aliposikia alikuja mbio. Alisema hakuna mtu wa kugusa mizigo ya watoto, polisi wakija watapekua wao, na mbele yake. Alisema hivyo mara mbili akimtazama Ulita machoni. Ulita akaitikia kwa kichwa. Uchochoroni watu walikwisha kusimama wawili wawili. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Wanafika mikono mitupu, wanaondoka mabegi yamejaa." Doina alikuwa akipita na ndoo. Alisikia kila neno, akapita.

Saa tisa Ulita alimwashia msichana bafu la mvuke, kama kila Jumamosi. Mlango wa bafu ulipofungwa alisimama jikoni, sikio likiwa kwenye maji yanayomwagika. Alijiambia kwamba anataka tu kuwa na hakika, ili akamtetee kwa moyo mmoja. Kisha akapanda ngazi.

Mkoba ulikuwa chini ya kitanda. Zipu ilimkatalia, akaivuta tena. Alitoa nguo moja moja, akikariri zilivyokunjwa ili azirudishe vilevile. Chini kabisa mkono wake uligusa kitu kigumu, bapa, kizito, kimefungwa kwenye kitambaa cha kichwa. Ukubwa wa kiganja, kama ile ikoni. Ulita aliketi sakafuni. Akili ilikwisha kukimbia mbele: atamwambia nini Leelo, atasimama wapi kwenye sala. Alifungua kitambaa. Yalikuwa makopo mawili ya dagaa wa Ureno.

"Umemaliza?" Doina alikuwa mlangoni, nywele zikichuruzika maji. "Au nikupe na hizi nilizovaa?"

Ulita akaanza kurudisha nguo mkobani.

"Dagaa ni zako," msichana akasema. "Mama alisema nikupe siku ya kuondoka. Sasa toka, Shangazi. Nataka kuvaa."

Ulita alitoka nje, akatembea bila kujua aendako. Alisimama kwenye uzio wa jirani, na hapo ndipo wazo lilipomjia. Kijiji kizima kilikuwa kimesema, hata wale wasiokwenda sala. Aliyenyamaza alikuwa mmoja tu: Anfisa, dada yake Savvaty, mwanamke wa miaka sabini na minane aliyekuwa na neno kwa kila jambo, hata namna mtu anavyofunga kilemba. Na ufunguo wa nyumba ya sala ulining'inia jikoni mwake.

Alimkuta anasuka vitunguu, haraka mno.

"Bibi Anfisa, iko wapi?"

"Nini?"

"Unajua."

Anfisa aliendelea kusuka. Kisha akaweka fungu chini.

"Kuna mwaka wezi walivunja nyumba ya sala ya ng'ambo ya mto," alisema. "Walibeba kila kitu, wakaacha misumari. Hawa walipokuja kusugua, nikasema ile ya babu haitachukuliwa. Nikaichukua jioni ile. Nilitaka kuirudisha wakishaondoka."

"Na leo? Umemsikia ndugu yako akimwita mtoto mwizi."

"Nilimwogopa. Yeye ndiye anayesoma majina ya wenye dhambi mbele ya watu wote, Ulita. Mimi ni dadake."

"Zimebaki dakika ishirini."

"Ipeleke wewe. Sema umeiokota."

Ulita aliisikia sauti hiyo kama yake mwenyewe, alipojidanganya kabla ya kupanda ngazi. Ingekuwa rahisi. "Hapana," alisema. "Twende wote. Nitakushika mkono."

Walitembea polepole, kwa sababu Anfisa hakuweza zaidi. Mbele ya nyumba ya sala watu walikuwa wamejaa, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Savvaty alikuwa na simu sikioni. Leelo alisimama na vijana wake wote wanane, Doina katikati, amekunja mikono kifuani.

Anfisa alitoa ikoni kutoka kwenye aproni yake. "Niliificha mimi," alisema. Akainama mbele ya msichana mpaka vidole vikagusa mchanga, kama wanavyoinama watu wa pale wakiomba msamaha. "Nisamehe, mtoto."

Savvaty aliteremsha simu. Akaikata.

Mambo yangeweza kuishia hapo. Watu walianza kupumua. Doina hakuwa amemwambia mtu yeyote habari ya mkoba, Ulita aliliona hilo usoni mwa Leelo, aliyekuwa akimtabasamia. Ulita akapiga hatua moja.

"Nilimpekua mkoba," alisema. "Leo, akiwa bafuni. Niliambiwa nisifanye, nikafanya. Mzee alimshuku mtu asiyemjua. Mimi nilikuwa ninamjua." Akainama, akabaki ameinama.

Doina alisema, "Bibi Anfisa nimemsamehe." Akamgeukia Ulita. "Wewe bado."

Wiki ya mwisho msichana alihamia alikolala Leelo. Kazi hakuiacha. Alikuja shambani kwa Ulita kila asubuhi, akavuta vitunguu peke yake kwenye tuta la pili, akajibu alipoulizwa tu. Siku ya kuondoka alimpa mkono. Savvaty naye alikuja, kofia mkononi, akamwambia Doina maneno machache pembeni ya basi, ambayo hakuna aliyeyasikia.

Majira ya baridi Ulita alipata kadi moja, yenye salamu na habari za mvua. Mkutano wa kijiji ulikubali vijana waje tena. Ulita alisimama, akasema kila chumba cha mgeni kiwekwe kufuli, na ufunguo akae nao mgeni mwenyewe. Alipoulizwa kama atapokea mtu, alisema wapangiwe wengine kwanza.

Kiangazi kilichofuata Doina alirudi. Alilala nyumba ya Anfisa, wawili wale wakibishana siku nzima. Siku ya tatu, kabla umande haujakauka, Ulita alimwona anaingia kwenye matuta yake na kuanza kuvuta, safari hii tuta moja naye, upande wa pili.