Binti Aliyeposwa na Mtu wa Kwenye Kitambaa

Nimeona mnabishana humu tangu juzi: filamu gani ina mwanzo mkali kuliko zote?

Mmoja anataka risasi zilie kabla hata jina la filamu halijatokea. Mwingine anataka mvua, jeneza, na mwanamke wa miwani myeusi aliyesimama peke yake. Sawa, kila mtu na roho yake.

Mimi nawaletea mwanzo mmoja tu. Ulioneshwa Itigi mwaka 1953, ndani ya godauni la nta, saa kumi alasiri, madirisha yamezibwa kwa magunia.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mbolea. Samadi, jamani. Kinyesi cha ng'ombe.

Na kabla dakika mbili hazijaisha, binti wa watu alikuwa ameshachumbiwa na mwanaume aliyekuwa kwenye kitambaa cha sinema.

Usicheke kwanza. Vuta kiti ukae.

Kijana wetu aliitwa Melkiori. Mnyiramba wa Misigiri, miaka ishirini na minne, mwembamba, mdomo mwepesi.

Kazi yake ilikuwa kutembea na gari la sinema la serikali. Filamu zilikuja bubu, kwa hiyo yeye alisimama nyuma karibu na mashine, kipaza sauti mkononi, akisema kwa Kiswahili yale waliyotakiwa kusema watu wa kwenye picha.

Mashine aliiendesha Gaspari, na gari aliliendesha huyohuyo Gaspari. Mtu mwema sana. Ila ukimpa siri jioni, asubuhi unaikuta sokoni.

Sasa hiyo filamu ya samadi ilianza hivi. Bwana Shamba mmoja, kijana, kaptula na soksi ndefu, anatokea njiani. Anasimama. Anafuta jasho. Anafungua mdomo. Anainua fimbo na kuinyoosha mbele, moja kwa moja kwa watazamaji. Kisha anajigonga kifuani, anatikisa kichwa kukubali, na hotuba inaendelea.

Kila kijiji mambo yalikuwa yaleyale.

"Huyu mtoto ananinyooshea fimbo mimi? Hata shikamoo hakuna?"

Mzee anabeba kigoda chake, huyo, anatoka. Wazee wakitoka, kina mama wanafuata. Dakika tatu tu, wamebaki Melkiori, Gaspari na mbuzi wa jirani.

Bosi wa sinema kule Dodoma alishaandika barua kwamba watu wakiendelea kutoka, atatafutwa mkalimani mwingine.

"Shida ni mwanzo," Gaspari alimwambia siku moja wakiziba pancha njiani. "Mimi niliona picha Dar es Salaam. Inaanza na farasi anakimbia, tandiko liko mgongoni, mtu hayupo. Umeishia hapo! Utatokaje hujajua mtu kaangukia wapi?"

"Huku nani anajua farasi?"

"Basi tuanze na mkanda wa pili. Yule ng'ombe aliyekwama kwenye tope. Mgogo gani atainuka amwache ng'ombe kwenye tope?"

Melkiori alicheka, lakini usiku ule hakulala vizuri. Farasi wa Gaspari alimfanya mtu ajiulize swali, na mtu mwenye swali hakai mbali na jibu. Hilo alilielewa. Ila aliona wazee wa kwao hawatoki kwa kukosa swali. Wanatoka kwa sababu mgeni kaingia nyumbani kwao na kuanza kuwafundisha kabla ya kuwasalimia.

Kijiji kilichofuata, Bwana Shamba alipofungua mdomo, Melkiori akamwekea maneno:

"Shikamooni wazee wangu!"

"Marahabaa!" Uwanja mzima ulijibu.

"Habari za hapa? Ng'ombe hawajambo? Nimetembea sana, jua lenu kali."

Bibi mmoja akainuka na kibuyu cha maji, akaenda kukiweka chini ya kitambaa. Hakuna aliyetoka. Walisikiliza habari za samadi mpaka mwisho, na wakauliza maswali.

Kuanzia hapo Melkiori akanogewa. Akifika kijijini anapitia kwanza kwa mama muuza uji, anachota umbea wote, kisha Bwana Shamba anauliza mguu wa fulani umeponaje na mapacha wa fulani wanaendeleaje. Watu walipagawa. Wengine walifuata gari kijiji kwa kijiji kusikiliza kama watatajwa.

Sasa tuje kwenye moyo.

Pale Itigi alikuwepo Selina, binti wa mzee Alute, Mnyaturu mwenye mizinga ya nyuki na mwenye lile godauni la nta. Mwaka mzima gari likipita, Melkiori na Selina walikuwa wakizungumza. Wakakubaliana.

Shida ilikuwa mshenga. Hujiposei mwenyewe, utaonekana huna watu. Baba yake Melkiori alishafariki. Aliyebaki ni baba mdogo kule Misigiri, naye alishanuna kwa kuwa kijana kaacha jembe akaenda kuzurura na vivuli.

Wakati huohuo Leonidas, karani wa stesheni, alishatuma mshenga. Lazima niseme ukweli, Leonidas alikuwa mtanashati. Koti, kalamu mbili mfukoni, viatu vinavyolia. Na mshenga wake hakuwa mtu wa kubeza: alikuwa Paskali, aliyekuwa vitani Burma pamoja na mzee Alute.

Jibu lingetolewa Jumapili. Gari la sinema liliingia Itigi Ijumaa.

"Nimekwisha," Melkiori alimwambia Gaspari. "Mimi nina mshenga gani?"

Kisha akageuka. Akaangalia debe la filamu.

"Ninaye."

Mpango ulikuwa mzuri, lazima tumpe haki yake. Bwana Shamba ataamkia, atamtaja mzee Alute kwa jina, ataleta posa. Pale atakapoinyoosha fimbo mbele, itaelekea nyuma ya godauni, alipo Melkiori mwenyewe. Melkiori atasema, "Namwombea kijana huyu hapa." Watu watageuka, watamwona. Nani atakataa posa iliyoletwa namna hiyo?

Jumamosi godauni lilijaa pomoni. Harufu ya nta ilikuwa nzito. Mzee Alute alikaa mbele kabisa, kopo lake la ugoro gotini. Selina alikaa na wanawake. Mwishoni aliingia Leonidas, kot kot kot, akapita mbele ya wazee wote akaketi kwenye kiti cha pekee kilichokuwa na mgongo.

Mashine ikaunguruma. Melkiori akainua kipaza sauti.

Bwana Shamba akatokea njiani.

"Shikamooni wazee wa Itigi!"

"Marahaba!"

Akafuta jasho. "Nimetoka mbali. Leo sikuja kwa habari za samadi tu. Nina jambo kwa mzee Alute."

Watu wakamgeukia mzee Alute, magunia yakipigwa na upepo.

"Mzee wangu, nimekuja kuomba jiko nyumbani kwako. Binti yako Selina. Namwombea kijana huyu hapa..."

Melkiori alisubiri fimbo.

Fimbo haikunyooka.

Picha iliruka. Kipande cha fimbo hakikuwepo. Bwana Shamba alijigonga kifuani: mimi!

Watu wakaangua kicheko mpaka vumbi likashuka darini. Melkiori akaanza kusema, kicheko kikamfunika. Mzee Alute alikuwa ameshasimama, akitazama kitambaa.

"Wewe mwenyewe?"

Na Bwana Shamba, kama kawaida yake, akatikisa kichwa kukubali.

"Basi mimi Alute nasema mbele yenu wote," mzee alisema, "binti yangu Selina nimempa huyu Bwana Shamba. Neno langu limetoka."

Leonidas akaruka juu. "Mzee! Hiyo ni picha!"

"Picha imeniamkia. Wewe umepita mbele yangu na viatu vyako hukuniona."

Paskali, mshenga wa watu, alicheka mpaka akashika mbavu. Leonidas akatoka, na safari hii viatu vilisikika vikikimbia.

Melkiori hakucheka. Huko kwetu mzee hali maneno aliyoyasema mbele ya watu. Selina alikuwa ameshakuwa mchumba wa mtu, na mtu mwenyewe hana nyama. Alimaliza kutafsiri samadi kwa sauti ya msibani.

Asubuhi yake aliitwa. Alimkuta mzee Alute uani anasafisha mzinga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetembea na mkwe wangu. Lini anakuja?"

Melkiori akapiga magoti, akamwaga yote. Kwamba sauti ilikuwa yake. Kwamba hana mshenga. Kwamba anampenda Selina, na kama atamkosa hajui atarudi vipi kwenye lile gari.

Mzee alifungua kopo la ugoro. Badala ya ugoro akatoa kipande cha mkanda wa filamu, akakiinua juani.

Melkiori akasogea. Ndani yake, vijipicha kwa mstari, Bwana Shamba kanyoosha fimbo.

"Mimi nilikuwa Keya, askari wa Mwingereza," mzee alisema. "Kule Burma kulikuwa na sinema kila Jumamosi, na aliyeshika taa ya mashine nilikuwa mimi. Mwenzako Gaspari alikunywa pombe yangu ya asali Ijumaa, akanieleza mpango wako wote. Nikamwomba mkasi."

"Kwa nini, mzee?"

"Selina alilia siku mbili. Hamtaki karani. Lakini Paskali alinibeba mgongoni nikiwa na risasi ya paja. Mtu kama huyo ukimwambia hapana, unamwambia kwa mdomo gani? Sasa nimempa binti mtu wa kwenye kitambaa. Nani atanikasirikia? Paskali bado anacheka."

Melkiori akaona mwanga. "Kwa hiyo mimi..."

"Wewe hapana."

"Mzee..."

"Kijana, una sauti tamu. Umewaamkia watu wa nchi nzima, lakini hata mara moja hukuwaamkia kwa jina lako. Nimwozeshe binti yangu mtu anayejificha nyuma ya mashine, akisubiri fimbo ya mwenzake imwoneshe?"

Hilo lilimchoma. Alilia, na hakuona aibu kulia.

"Neno langu nimeshalitoa," mzee akaendelea, akirudisha kipande kwenye kopo. "Selina ni wa Bwana Shamba. Ukimtaka, nenda kawe Bwana Shamba. Vyuo vipo. Na upitie Misigiri, ukapatane na baba yako mdogo. Nataka mshenga anayekula ugali."

Selina alimsindikiza mpaka njia ya stesheni.

"Ni miaka miwili," Melkiori alisema.

"Nimesikia."

"Utanisubiri?"

"Mimi nimeshachumbiwa, nani atanigusa?" Akamtazama. "Ila yule wa kwenye kitambaa hazeeki. Wewe unazeeka. Usichelewe."

Hakuchelewa. Mwaka 1955 alishuka kwenye treni ya asubuhi na cheti, kaptula na soksi ndefu. Itigi nzima ilitoka kumwona, watu wakipiga kelele kwamba bwana harusi ameshuka kitambaani. Baba mdogo alitoka Misigiri na ng'ombe, na Selina akaolewa na yule aliyeahidiwa.

Mnataka kujua mimi nimeyajuaje haya yote.

Leonidas ni babu yangu.

Ndiyo, yule wa viatu. Alioa baadaye, ndiyo maana nipo. Na uzeeni, Melkiori alikuwa rafiki yake kuliko wote. Walikuwa wakicheza bao kila siku, wakibishana kuhusu ile siku, na mimi nikiwasikiliza, kila mmoja akisimulia upande wake.

Babu alikuwa akisema hivi: "Yeye alikuwa na kipaza sauti, mimi nilikuwa na koti. Siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyesema, mimi fulani, nampenda binti huyu. Tofauti ni kwamba yeye aliambiwa akajifunze. Mimi nilikimbia kabla sijaambiwa."

Kwa hiyo endeleeni kubishana na risasi zenu na majeneza yenu. Mwanzo mzuri unakupatia watu wakae, basi. Wakishakaa wanakutazama wewe, na hapo hakuna wa kukusemea.

Na kama kuna mtu humu unampenda na umekuwa ukimtumia picha za watu wengine zenye maneno matamu, mwandikie leo kwa jina lako.