Kwenye Njia ya Matonya Hakuna Kuimba

Mvua imekatika asubuhi hii, na Matonya anachimba shimo kwenye ubavu wa mlima, juu ya Mpwapwa. Linapomfika magotini anainama, anachota udongo wa chini na kuufinya. Maji yanachuruzika kati ya vidole.

"Bado," anasema, kisha anafunga kamba ya magome kukatiza njia.

Hii ni njia ya mkato kwenda kambi ya wajenzi wa reli, Gulwe. Wapagazi wapatao sitini hupita kila siku na unga wa kambi. Penye hatari ni hatua mia moja na arobaini tu. Hapo mchanga umelala juu ya udongo wa mfinyanzi, na ukishiba maji huteleza wote kwa pamoja.

Matonya, anayekaribia miaka arobaini, hulipwa rupia saba kwa mwezi aseme watu wapite au wangoje. Wiki hii amefunga njia kutwa mara mbili, na mlima haukuporomoka. Msimamizi Mjerumani amemwonya: akifunga kutwa mara ya tatu bure, kazi atapewa mwingine.

"Usipoporomoka naonekana mwongo," anasema. "Mwingine huyo atafungua kila siku ili asifukuzwe."

Masika ya mwaka juzi aliona mbuzi wamepita salama, akaondoa kamba. Wapagazi thelathini wakafuata kwa wimbo, miguu ikikanyaga pamoja, mizigo imefungwa mgongoni. Udongo ukashuka. Walitoka ishirini na tisa. Aliyebaki chini ya udongo ni mdogo wake, Sila, mwanzisha wimbo.

"Mbuzi hawaimbi," Matonya anasema taratibu. "Hilo sikulifikiria."

Mwajabu, mfanyabiashara wa unga kutoka Kondoa, anafika na wapagazi sita.

"Mtani, leo mlima umekwambia nini? Au mmenuniana?"

"Umesema wewe mzito, ungoje."

Wapagazi wanacheka. Mwajabu anakaa juu ya gunia, anabetua midomo.

Jua la adhuhuri linapowaka, Matonya anachimba shimo jingine. Safari hii udongo unamegeka mkononi, hautoi maji. Anafungua kamba.

"Mmoja mmoja. Legezeni kamba za mizigo, muweze kuitupa. Kimya."

Wa mwisho ni mpagazi mmoja, Methusela. Katikati ya njia anasahau, anaanza kuimba kwa sauti ya chini, na mguu unafuata wimbo. Vijiwe viwili vinabingirika mbele yake.

"We Methusela! Funga mdomo!" Mwajabu anamkemea kutoka ng'ambo.

Methusela ananyamaza, anafika. Mwajabu anamtazama Matonya, safari hii bila utani, anamwinulia mkono.

Leo Matonya hajaipoteza kazi. Ya kesho itajulikana shimoni.

Alasiri Matonya anapanda ubavuni na fungu la vipande vya minyaa, ile ile wanayozungushia maboma. Safu tatu zimeshika. Leo anaanza ya nne.

"Mizizi ikifika kwenye mfinyanzi, kamba hii naitupa," anasema. "Wapite wote pamoja, na wimbo wa Sila. Nitauanzisha mimi, hata kama sauti yangu mbaya."