Kasuku wa Mama Kwenye Filamu za Mzembe

Mama yangu, Esteria wa Kichiwa, alikuwa na kasuku asiyesema. Baba alimleta kutoka Lupingu kabla hajafariki, na kwa miaka saba ndege yule hakutamka hata neno moja. Alikula mahindi yetu na kututazama kwa jicho moja, basi. Mimi sikumpenda. Kiumbe anayesikia kila kitu akanyamaza si wa kuaminiwa.

Mwaka 1952 walikuja Wazungu wa serikali wenye kamera, wakipiga filamu za kufundisha wakulima. Zilikuwa tatu, zote za mtu mmoja mvivu aitwaye Mzembe, na mlangoni pake walitaka akae kasuku. Wakamwazima wa mama, kisha wakamrudisha pamoja na blanketi la shukrani.

Mei iliyofuata, gari la sinema likafika Kichiwa. Picha hazikuwa na sauti. Mkalimani, kijana aitwaye Tarsis, alikaa garini na kipaza sauti, akimsemea Mzembe, mkewe na bwana shamba. Hilo tulilijua sote. Mara kasuku wetu akatokea kwenye pazia, akafungua mdomo, na sauti nyembamba ikasema, "Ulanzi uko uvunguni! Ulanzi uko uvunguni!"

Watu walicheka. Halafu wakageuka kumtazama mama.

Mgeni atauliza, si mkalimani yule yule? Lakini wazee walikuwa na hoja yao. Mtu husemewa, kasuku hujisemea, tena hasemi asilolisikia nyumbani kwake. Na sisi Walutheri, siku zile, mwenye ulanzi, pombe ya mianzi, ndani alitengwa: hakukaribia Meza ya Bwana, wala hakumwingiza bibi arusi kanisani. Bibi arusi nilikuwa mimi, Ema. Zilibaki wiki mbili, na wa kunishika mkono hadi altareni hakuwepo mwingine ila mama.

Asubuhi akaja Mzee Hezekia, mzee wa kanisa. Alikikataa kiti. Macho yake yalikuwa kwenye kitanda cha mama, ambako blanketi la Wazungu lilining'inia hadi sakafuni. Kukagua uvungu wa mjane hakuweza. Ingekuwa aibu zaidi kwake kuliko kwetu.

"Kamwene, Mama Ema. Ndege huyu ameanza lini kusema?"

"Hajaanza, mzee."

"Tumemsikia kijiji kizima."

"Basi mchukue ukakae naye, umsikie vizuri."

Alikaa naye siku tatu, akamrudisha. "Hasemi kitu," alisema. "Umemfundisha kunyamaza."

Nilimchukia mzee yule! Mama hakubishana. Alisikia kwamba gari la sinema lingekuwa Makambako Jumamosi, akamwomba Mzee Hezekia twende wote. Tulipanda lori, kasuku ndani ya kikapu magotini pangu, na njia nzima mzee hakumwondolea macho.

Makambako filamu ilikuwa ile ile, Mzembe yule yule, mlango ule ule. Kasuku akafungua mdomo. "Ugimbi uko uvunguni! Ugimbi uko uvunguni!" Watazamaji wakaangua kicheko, maana wengi wao walikuwa wanywaji wa ugimbi, pombe ya ulezi. Wa kwetu kikapuni alikuwa kimya.

"Umesikia, mzee?" mama akauliza.

"Nimesikia," akajibu Hezekia taratibu. "Kumbe una ugimbi pia."

Sijapata kumwona mama amekasirika vile. Alimshika mzee wa kanisa kwa mkono wa koti, akamburuta hadi garini, nami nyuma yao na kikapu. Tarsis, kipaza sauti mkononi, alimsikiliza mama, kisha akamgeukia mzee na kusema kwa sauti ile nyembamba, "Mzee ana kofia mbovu!"

Hezekia akaivua kofia, akaitazama.

"Wewe ni wa dhehebu gani?"

"Mkatoliki, mzee."

Akafikiri sana. "Rudia."

Tarsis akarudia. Mzee akaivaa tena kofia yake. "Basi, Mama Ema. Utaingia na binti yako."

Mama alilia palepale. Alipojifuta machozi alichukua kikapu mikononi mwangu akampa Tarsis. "Mchukue, mwanangu. Zunguka naye huko mbali."

"Mama, si tumeshinda?" nikamuuliza.

"Nilisema hajaanza kusema," alinijibu. "Sikusema hajui."

Sikulielewa neno hilo hadi siku ya arusi. Kengele ilikuwa imeanza kulia, mama yuko uani akifunga kilemba, nami nikaangusha pini ikaingia uvunguni. Niliinua blanketi. Vibuyu vilikuwa viwili, vimezibwa kwa majani. Cha kwanza kilinuka ulanzi. Cha pili sikukinusa.

Nililishusha blanketi, nikalinyoosha mpaka likagusa sakafu. Mlangoni mwa kanisa Mzee Hezekia alitupisha huku akitutazama. Niliushika mkono wa mama, nikaukaza.