Mkono Niliomnyima Athumani

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye chumba cha upasuaji cha hospitali moja ya Malindi, nilimpa daktari mkono. Nimelelewa Takaungu, kwetu mtu haingii mahali bila salamu. Naye alikuwa ametoka kunawa mpaka viwikoni, na kwa adabu zake akaupokea. Ikabidi akanawe upya, mgonjwa wa ngiri yuko mezani anangoja.

"Humu ndani," Sista Msimamizi akanambia, "salamu ni kwa mdomo."

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na woga mwingi. Kazi niliifunzwa papo hapo, nikapanda polepole, kutoka kusukuma machela hadi kumpa daktari vifaa. Uhamisho wa mwisho ukanitupa kwenye kitengo cha moyo, ambako wa zamu hulala hospitalini, mimi nisiyepata usingizi ila kitandani mwangu.

Huko mabingwa waliweka stenti, kibomba cha wavu wa chuma kinachoupanua mshipa wa moyo ulioziba. Hupitishwa kwa waya kuanzia mkononi, kifua hakiguswi. Sisi wa upasuaji tulikaa tayari, tukiomba tusiitwe.

Siku moja tukaitwa. Waya ulikuwa umetoboa mshipa, damu inajaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo na kuubana. Walijaribu kuziba kwa puto, wakaivuta damu kwa sindano, ikarudi. Ikabaki kupasua.

Nilishanawa, glavu mkononi, mikono juu, machela ilipoingia. Aliyelazwa ni Athumani, jirani yangu wa ukuta mmoja, midomo imempauka. Akanitambua kwa macho tu, ingawa nimevaa barakoa, akaninyooshea mkono.

Nikarudi nyuma.

"Usimguse," Daktari Mkuu akasema bila kugeuka. "Presha inashuka. Mlazeni usingizi. Msumeno."

Nikampa. Mfuko ulipochanwa damu ikaruka, moyo ukapata nafasi. Uzi wa kwanza ukachana nyama. Wa pili ukashika kidogo, ukavuja. Nami nawaza: akifa, salamu yake ya mwisho nimeikataa mimi. Wa tatu ukashika.

Sasa nimestaafu, nashinda ndani mpaka paka amenichoka. Athumani, na kovu lake kifuani, huja kila asubuhi kunywa kahawa yangu. Nyinyi vijana mnaosomea kazi hii, jueni kwamba vijidudu havielezeki kwa jirani. Juzi nikajaribu tena. Akakiweka kikombe chini.

"Mtu anakufa anakupa mkono, wewe unainua mikono yako juu kama uliyevamiwa na majambazi."