Mita Iliyokuwa Mezani

Karakana ya vipimo ilikuwa nyuma ya chuo: chumba kimoja, dirisha lisilofunguka, meza ndefu yenye madoa ya kulehemu nyaya. Aliyekaa humo kwa miaka kumi na tisa wote walimwita Fundi. Mwanamke mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, mdomo hauna breki.

Wasomi hawakumtisha, alikuwa amewaona wengi mno. Mwaka huo waliletwa wanafunzi wanne wa uzamivu, kila mmoja na fani yake, wafundishwe pamoja namna ya kuondoa mkaa majikoni na kuingiza umeme wa jua. "Taaluma mtambuka," mkuu wa programu alitangaza, mikono juu. Fundi aliona watu wanne wasioweza kubadilisha balbu. Mchumi alimuuliza kama waya wa ardhi lazima uguse ardhi. Mwanasheria alikuja na glavu nyeupe. Mhandisi ndiye aliyemtia kichefuchefu hasa, maana alichora saketi nzuri ajabu na bisibisi aliishika kama kijiko.

Wa nne, mtaalamu wa jamii, Fundi hakumgusa kwa mdomo wake. Huyo alikuwa binti wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu darasa la pili. Jioni walipokula wawili hao, waliwacheka wale watatu mpaka machozi.

Kazi yao ilikuwa kuweka majiko ya umeme kwenye kantini ya chuo na kusoma mita kila siku, mwezi mzima. Ripoti isipopita, ufadhili unakatwa kwa wote wanne. Nayo iliambatana na fomu ya vipimo yenye sahihi ya Fundi.

Asubuhi ya kuwasilisha ripoti ukumbini, binti akaleta fomu itiwe sahihi.

Fundi akasogeza miwani. Siku thelathini, namba thelathini, hakuna pengo. Akasoma tena, kisha akaigeukia mita iliyolala mezani, tumbo wazi, ikisubiri kipuri. Ilikuwa hapo tangu tarehe tisa. Binti mwenyewe ndiye aliyeileta imeungua, akasema kazi imesimama kwanza.

"Hizi za kuanzia tarehe tisa mmezitoa wapi?"

"Mama mdogo, usianze. Mhandisi alidhani mchumi anasoma. Mchumi alidhani nasoma mimi. Mwanasheria hakudhani kitu."

"Na wewe uliyeileta hapa kwa mkono wako?"

Binti akatazama saa. "Nilichukua wastani wa siku nane za mwanzo. Nikapunguza hapa, nikaongeza pale. Ingekuwa hivyohivyo tu."

"Shule kumi zinasubiri namba hizi ziagize paneli! Umeme ukizima chakula kikiwa jikoni, watoto watakula wastani wako?"

"Mama mdogo, wewe ni fundi. Utafiti huuelewi."

Alilisema taratibu, bila hasira, kwa sauti ileile waliyotumia kuwacheka wale watatu. Ujinga Fundi aliuzoea, aliucheka. Lakini huyu alijua. Fundi alimdharau, na kumdharau mtoto aliyemlea kulimuuma vibaya sana.

Akachukua kalamu, akaandika chini ya fomu: Tangu tarehe tisa mita ilikuwa karakanani, mbovu. Namba zinazofuata ni za kubuni. Akatia sahihi.

Binti akasoma, akacheka kidogo. "Haya. Fomu hizi hakuna anayezisoma. Sahihi yako tunaiomba kwa adabu tu."

Miaka kumi na tisa! Fundi akampokonya fomu, akaibeba na ile mita, nyaya zinaning'inia.

"Hii nitawasomea mwenyewe."

Akakata uwanja kuelekea ukumbini, ambako makofi yalikuwa yameshaanza. Nyuma yake binti alikimbia akiita, "Mama! Mama!" Lile neno "mdogo" lilikuwa limemdondoka. Fundi hakugeuka.