Kivinjari Kinachokumbuka Maneno ya Marehemu

Saa mbili asubuhi. Mama Kompyuta, kama wateja wanavyomwita, anawasha mashine za chumba chake cha intaneti. Ile ya ukutani anaiacha mwisho. Anaketi, anabonyeza herufi moja kwenye kisanduku cha juu, kile cha kuandikia anwani ya tovuti kwenye kivinjari, kisha anaondoa vidole.

Kisanduku kinamalizia chenyewe: "Umekula, mama watoto?"

Mumewe alifariki mwaka jana. Ukweli usemwe, mwandishi wa makala haya alivuta kiti nyuma kidogo.

Maelezo yapo. Walikuwa wakipokezana zamu, mume asubuhi, yeye mchana. Mzee alijifunza kompyuta ukubwani.

"Alidhani pale juu ndipo pa kuandikia barua," anasema huku akicheka. "Anaandika, anabonyeza, anaondoka roho kwatu. Mimi nikija nagusa herufi, brauza inanionyesha. Nimrekebishe ya nini?"

Sasa toleo jipya la kivinjari hicho, au brauza, lililosubiriwa kwa miaka, limetoka. Tovuti nazo zimebadili mtindo kulifuata: picha zinateleza, maandishi yanachomoza kadiri unavyoshuka. Kwenye kivinjari cha zamani zinafunguka nyeupe tupu, hata fomu za kuomba kazi.

Mashine nyingine zimeshawekewa toleo hilo. Ya ukutani, ambayo ni kuukuu na ndiyo pekee inayoshika printa, fundi anasema ni lazima afute kila kitu kwanza. Wateja wanaotaka kuchapa fomu wanasubiri, wanasonya, wanahamia duka la jirani. Mama Kompyuta asipokubali, atafunga chumba.

"Mama, maneno ya baba yaandike basi kwenye karatasi," bintiye amemsihi mara nyingi.

"Kwenye karatasi hayaji yenyewe, mwanangu."

Wiki iliyopita alibonyeza T ili amfungulie mteja tovuti. Ikaja sentensi asiyowahi kuiona: "Toleo jipya bado tu?"

Alimwita bintiye aje aone. Binti alimtuliza, akisema baba alikuwa akilisubiri kwa hamu, akimuuliza fundi hadi fundi akawa anamkwepa. Lazima aliliandika swali hilo siku moja.

"Sawa, aliliandika," mama anasema, sauti imeshuka. "Lakini T naibonyeza kila siku. Lilikuwa wapi siku zote hizo?"

Feni inazunguka taratibu, na kwenye kioo mstari mdogo unawaka na kuzimika, unawaka na kuzimika.

Fundi anakuja Jumamosi. Mama Kompyuta anatumaini wateja watarudi, na mwakani aongeze printa ya pili. Anaogopa, wala hafichi.

"Alilisubiri yeye. Mimi ni nani nimnyime?"

Kabla ya kuinuka anaandika kwenye kisanduku, polepole: "Limetoka, baba watoto. Jumamosi tunaliweka." Anabonyeza.

Kwa nini, anaulizwa, ilhali yote yatafutwa?

"Ajue mapema," anasema. "Asije akashtuka."